Maswali ya Wasomaji: Jangwa Huanzia Museum Hill

Ukurasa wa safari. Anayejibu ni dereva wa watalii aliyestaafu, mzaliwa wa Mombasa na mkaazi wa South B, Nairobi.

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi na mume wangu tumekata shauri kwamba likizo ya Agosti mwaka huu hatuendi Diani. Tunataka kuwapeleka watoto jangwani. Wa kwanza ana miaka 14, wa pili 10, kitinda mimba 5. Mume wangu keshachora ramani: Nyahururu, Maralal, Baragoi, Loiyangalani, Sibiloi, North Horr, jangwa la Chalbi, Marsabit, Isiolo, halafu nyumbani. Anasema wiki moja yatosha. Gari ni Prado, ya zamani lakini imetunzwa. Mama mkwe naye kasikia na anataka kuja. Tutaweza? Na tubebe nini? *Mama Watatu, Donholm.*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mumeo pongezi zangu, maana ramani hiyo ndiyo ile ile tuliyoifuata sisi madereva wa malori ya watalii enzi zetu. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na mtoto wa miaka mitano wala mama mkwe, na abiria wetu walikuwa wameilipia shida kwa dola. Wiki moja kwa mzunguko huo wote mtaziona barabara tu. Mtafika kila mahali jioni, mmechoka, watoto wanalia, na asubuhi mnafunga mizigo tena.

Kwa hiyo jibu langu ni: nendeni, lakini mzunguko muuvunje. Pandeni kwa lami ya Isiolo na mrudi kwa lami hiyo hiyo. Najua wanaume hatupendi kurudi kwa njia tuliyoendea, tunaona kama tumeshindwa. Mwambie mumeo kwamba jangwa la asubuhi na jangwa la jioni si jangwa moja, atapata kuona mapya.

Sababu za kuiacha Maralal kwa sasa ni mbili. Ya kwanza ni usalama. Kati ya Maralal na Baragoi wizi wa mifugo haujaisha, na kuna wiki njia ni shwari na kuna wiki watu wanasafiri kwa msafara wa polisi. Mtu mzima anaweza kwenda kwa kuuliza kituo hadi kituo. Kwa familia yenye gari moja siipendekezi. Ya pili ni mawe. Ukikaribia Ziwa Turkana, barabara imetandikwa mawe meusi ya volkano, makali, na hayatoboi tairi pale chini panapokanyaga. Yanalichana ubavuni, pale ambapo fundi wa pancha hana la kufanya. Kwa njia yoyote mtakayoifuata hamtayakwepa kabisa, lakini kwa njia ya Laisamis mtayapata kidogo, mwishoni tu.

Kabla ya hayo yote, Jumamosi moja kabla ya safari, wapeleke watoto Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Nimewaambia watu hili miaka na miaka na wengi hunicheka, kwamba nani anaanza safari ya jangwani kwa kupanda matatu ya Westlands? Lakini mambo yalivyo ni hivi: mengi ya kaskazini yaliyo na sifa yaliletwa Nairobi zamani. Mkienda huko bila kuyaona hapa kwanza, mtoto ataonyeshwa shimo na kuambiwa "hapa palikuwa na kitu," naye atauliza, sawa, kiko wapi?

Pale uani mwa makumbusho kuna ndovu mkubwa aliyetengenezwa kwa faiba. Huyo ni Ahmed wa Marsabit. Pembe zake zilikuwa ndefu mno hata zikikaribia kugusa ardhi, kila moja kilo zaidi ya 60, na majangili walikuwa wakimmezea mate. Mwaka wa 1970 Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri ya rais kwamba ndovu huyo alindwe, akawekewa askari wa kumfuata usiku na mchana. Alikufa mwaka wa 1974, na kifo chake kilikuwa cha uzee, si cha risasi. Mkae kwanza na huyo mzee uani. Wiki ya pili, mkiwa mmesimama ukingoni mwa Ziwa Paradise juu ya mlima Marsabit, ukungu unapita kwenye miti na chini kule kasokoni ndovu wametoka kunywa, yule wa miaka 10 hatauliza tena kwa nini mmekuja mbali hivyo. Ziwa lenyewe liko ndani ya kreta. Ukame ukizidi hukauka, kwa hiyo ulizeni langoni kabla ya kuwaahidi watoto maji.

Sasa njia. Tokeni Nairobi saa kumi na moja alfajiri, kabla Thika Road haijaamka. Nanyuki chai. Isiolo mle mchana mapema na mjaze mafuta. Usiku wa kwanza laleni maeneo ya Archers Post, upande wa Samburu au Buffalo Springs. Hapo watoto watawaona wanyama ambao Nairobi National Park haina: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio makubwa, twiga mwenye mabaka yaliyonyooka kama yamepigwa rula, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma ili afikie majani. Msiharakishe hapo. Usiku wa pili vilevile laleni hapo hapo.

Kutoka Archers Post hadi Marsabit ni lami safi. Sisi tuliokuwa tukiendesha njia hii ikiwa vumbi na mashimo, karibu kutwa nzima na nati za gari zikidondoka, tunaona kama miujiza. Mlima Ololokwe utakuwa kushoto kwenu, ukuta mtupu wa jiwe. Mtapita Merille, Laisamis, Logologo. Njiani mnaweza kukutana na ngamia wamelala katikati ya barabara, hasa jioni, maana lami hukaa na joto. Hii ndiyo sababu nasema saa kumi jioni gari liwe limezimwa. Ngamia ana miguu mirefu. Gari dogo likimpiga, mwili wake huja juu ya kioo.

Marsabit mjini kuna baridi, nawaonya. Watu huja na kaptula kwa sababu wamesikia jangwa, kisha wanatafuta blanketi la kuazima. Mji uko mlimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na Agosti asubuhi ukungu unaweza kuziba barabara. Lala hapo usiku mmoja au mbili. Kama kiangazi kimekolea, mtu wa huko atawapeleka kwenye visima vya Waborana, ambako vijana hushuka kisimani wakapangana ngazi kwa ngazi, wanapokezana ndoo kwenda juu huku wakiimba ili mikono isipotezane. Pale ni kazini kwa watu. Wamejipanga kwa zamu, ng'ombe wa huyu wakitoka wa yule wanaingia. Ombeni ruhusa kwa mzee wa kisima, mlipe mtakachokubaliana, na kamera isitoke mkobani kabla ya hapo. Msinawe miguu pale.

Kisha mrudi nyuma hadi Laisamis, mshike njia ya ziwani. Njia hii ilikuwa mateso, ikatengenezwa kilomita 208 hadi Sarima kwa ajili ya kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Si lami, ni changarawe, nayo imejikunja kama bati la kuezekea. Hapo dereva ana uchaguzi wa mwendo aina mbili: taratibu kabisa na kila jino litikisike, au mwendo wa kadiri ambapo tairi huruka juu ya mikunjo na gari likatulia. Huo wa pili una raha, lakini breki huko hazishiki kama za lami. Mumeo asiuzoee hata akasahau kona. Mtapita Ngurunit na Ilaut chini ya milima ya Ndoto, halafu nchi inafunguka na mnaanza kuona panga za upepo, moja, kumi, halafu mlima mzima. Ziko 365, na kwa jumla zinaweza kutoa megawati 310. Umeme wake husafiri kwa nyaya kilomita 428 hadi Suswa na kuingia kwenye gridi ya taifa. Mwambie wa miaka 14 kwamba stima anayochajia simu pale Donholm huenda usiku mwingine inatoka hapo. Huyo ndiye mgumu kumfurahisha, na hapo kwa kawaida huvua vipokea sauti masikioni.

Mkivuka Sarima, mawe meusi yanaanza na ziwa linajitokeza ghafla chini yenu, lina rangi ya kijani na buluu kutegemea jua na upepo. Loiyangalani iko pale ukingoni. Kuna makumbusho ya jangwa yaliyofunguliwa 2008, juu ya kilima nje kidogo ya mji. Ni ya Makumbusho ya Taifa, ni madogo, na yanaeleza vizuri jamii za eneo hilo, Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabra, Waelmolo na wengineo. Anzeni hapo kabla ya kutembelea kijiji chochote. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii. Kijiji cha Waelmolo cha Komote kilikuwa kimeshikana na bara, sasa kimezungukwa na maji na watu wanavuka kwa mashua. Usiwaache watoto waone ni kivutio tu. Kuna watu wamepoteza nyumba na njia ya shule.

Upepo wa Loiyangalani unahitaji aya yake. Huanza jioni ukitoka upande wa mlima Kulal, na usiku hupiga kweli kweli. Ukiinua mfuniko wa sufuria ya wali bila kuushika, utaukuta kwa jirani. Hema zisisimamishwe kwa misumari tu. Kila kamba iwekewe jiwe la ukubwa wa kichwa. Kama mna mama mkwe, msilale hemani kabisa, chukueni chumba.

Na tukiwa kwa mama mkwe: akae mbele. Hilo si suala la adabu tu, ni suala la mgongo. Kiti cha nyuma cha Prado kwenye changarawe humrusha mtu mzima, na yeye kwa heshima yake hatalalamika hadi mfike, halafu siku ya pili hainuki. Baba aendeshe, mama mkwe mbele na mto mdogo kiunoni, wewe nyuma na wawili, na kitinda mimba katikati kwenye kiti chake. Kila saa moja na nusu gari lisimame, watu washuke hata kama hakuna kivuli.

Sibiloi na Chalbi nimeziacha makusudi. Kutoka Loiyangalani hadi makao ya hifadhi ya Sibiloi pale Alia Bay ni njia ya mawe na mchanga itakayokula sehemu kubwa ya siku, na ukiharibikiwa unaweza kungoja gari la pili mpaka kesho yake. Chalbi nayo ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare ya chumvi isiyo na mwisho, nzuri ajabu, na ikinyesha hata milimani mbali, chini huwa ni matope yaliyovaa ukoko mkavu. Gari likitoka nje ya alama za magari mengine linatumbukia. Huko ni magari mawili au zaidi na mwenyeji ndani ya la mbele. Mkitaka kuonja, ajirini gari na dereva Marsabit, awapeleke Maikona na Kalacha kwenye mikoma na chemchemi, mlale, awarudishe. Sibiloi ingojeeni mpaka mdogo afike kumi.

Vitu vya kubeba sitaviandika vyote, soko la Gikomba linajua kuliko mimi. Lakini haya msikose. Tairi za spea mbili, si moja, na zote mzipime upepo kabla ya kutoka. Nimekutana na watu wengi waliobeba spea iliyolala. Jeki, na ubao imara wa ukubwa wa sahani ya kulia pilau wa kuiwekea chini, maana jeki bila ubao kwenye mchanga hushuka yenyewe badala ya kuinua gari. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Mkiingia mchangani mnapunguza upepo hadi mwone shavu la tairi limefura kidogo pale chini, mkirudi kwenye mawe mnaujaza tena, na hapa watu wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili, mawe yakawamalizia kazi. Maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu kwa siku, na jerikani moja zaidi ya rejeta ambayo hakuna anayeigusa hata kwa kunawa. Maji ya ziwa msiyategemee, yana magadi na floraidi nyingi. Pakiti za dawa ya chumvi na sukari kwa watoto. Mafuta jazeni Marsabit. Loiyangalani yapo ya madumu, bei ni ya muuzaji na usafi wake ni wa Mungu. Malipo ya hifadhi za KWS fanyeni kwa eCitizen mkiwa bado Nairobi, na vitambulisho mbebe ili mlipe kama raia. M-Pesa mjini Loiyangalani mtatumia, lakini noti ndogo ndogo ziwepo, kwa sababu mtandao huja na kuondoka.

SWALI: Habari mzee. Nina Probox. Rafiki zangu wananicheka nikisema nitafika nayo Marsabit. Nani yuko sahihi? *Kijana wa Kayole.*

JIBU: Wewe. Nairobi hadi Marsabit, na hata Moyale, ni lami, na Probox za miraa zimefika kabla yako zikiwa na mzigo ambao sitautaja uzito wake mbele ya askari. Badilisha mafuta ya injini, angalia feni ya rejeta inazunguka, na usiwashe eyakondishena ukipanda mlima wa Marsabit mchana kama sindano ya joto inapanda nayo. Ndani ya msitu wa hifadhi acha gari langoni mvua ikiwa imenyesha, udongo ule mwekundu ni utelezi mtupu. Njia ya Laisamis hadi ziwani usijaribu. Si kwamba haitafika. Itafika, ila tangi la mafuta liko chini mno na kuna jiwe moja linakungoja.

SWALI: Mwalimu mkuu wetu amenipa likizo, nami nataka wanangu wawili waone mahali alipopatikana yule mtoto wa Turkana wanayemsoma darasani. Nimeambiwa nipite Marsabit hadi Koobi Fora. Ni kweli? *Mwalimu, Umoja.*

JIBU: Mwalimu, aliyekuambia kakupeleka ng'ambo isiyo yenyewe. Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na hakuna feri ya kuvusha gari lako. Koobi Fora iko mashariki, ndani ya Sibiloi. Huko ndiko mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa kundi la Richard Leakey, alikookota vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba yake, 1470, la miaka karibu milioni 1.9. Mtoto wako wa darasani ni mwingine. Alipatikana 1984 magharibi mwa ziwa, Nariokotome, na aliyekiona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkamba wa Makueni, jicho ambalo sidhani nchi hii imewahi kuwa na la pili lake. Kijipande cheusi kwenye kokoto nyeusi! Wakachimba wakapata mifupa ya mtoto mmoja wa kiume, karibu kamili, aliyekufa kama miaka milioni 1.5 au 1.6 iliyopita. Pale kuna mnara wa kumbukumbu. Mifupa yenyewe imetunzwa Nairobi, kwa hiyo, nawe pia, Museum Hill kwanza.

Njia yako ni Kitale, Kapenguria, Lodwar. Usipite Kapenguria mbio. Makumbusho ya pale yako katika jela walimofungiwa wale sita, Kenyatta na wenzake, wakati wa kesi ya 1952 na 1953, na vyumba vyenyewe bado vipo. Ingia kimoja na wanao, ufunge mlango kidogo, na somo la historia utakuwa umelifundisha bila chaki. Lodwar nako kuna nyumba aliyowekwa Kenyatta baada ya kifungo, kabla ya kuhamishiwa Maralal 1961. Kati ya Kapenguria na Lodwar, eneo la Kainuk hasa, uliza polisi hali ya siku hiyo na upite mchana.

Toka Lodwar kwenda Kalokol, karibu kabisa na barabara, kuna mawe marefu ya basalti yamesimamishwa wima. Namoratunga. Gari nyingi hupita bila kupunguza mwendo. Walioyasimamisha ni wafugaji wa kale, yapata miaka 5,000 iliyopita, na chini yake ni makaburi. Waturkana wana hadithi yao kwamba hao walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Mpita njia huweka kijiwe juu ya moja. Wanao wataweka, wewe mwalimu usianze kuwaeleza kwamba ni ushirikina, weka na wewe.

Nariokotome ni mbele zaidi kaskazini, njia ya Lowarengak, na hapo Probox ya yule kijana wa Kayole isikushawishi. Ajiri gari la fobaifo Lodwar.

SWALI: Mzee, mdogo wangu anaishi Phoenix, Arizona, na ametukatia tiketi, mimi na mke wangu na pacha wetu wa miaka 12. Amepanga siku nne kwa gari: Grand Canyon, Monument Valley, Petrified Forest, Zion, Death Valley. Wewe uliyewaendesha Wamarekani, waonaje? *Baba Pacha, Syokimau.*

JIBU: Naona mdogo wako na mume wa Mama Watatu wametoka tumbo moja. Death Valley ifute leo hii. Iko California, mbali upande wa pili, na ndiko kulikoandikwa joto la nyuzi 56.7 Julai ya 1913. Likizo ya watoto wetu ni Agosti, ambapo hata Wamarekani wenyewe hukimbia huko. Zion ifute pia, iweke kwa mara nyingine.

Hapo unabaki na mzunguko wa kiutu. Phoenix hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni kama saa nne. Beba sweta: ukingo uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, mwinuko wa kukaribia Limuru, na jioni hupoa. Laleni karibu, muone machweo na mapambazuko. Bonde lina kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na askari wa hifadhi wanamshauri kila mtu asijaribu kushuka hadi mto Colorado na kurudi siku moja. Pacha wa miaka 12 watataka. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakoua, na chini joto ni kali kuliko juu.

Monument Valley ni ardhi ya Wanavajo. Wana serikali yao, lango lao na ada yao, na ile pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa haitumiki hapo. Pombe hairuhusiwi katika ardhi yao, mdogo wako asiiweke kwenye kibaridi. Jambo jingine ambalo limewatatiza wengi: Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, Wanavajo wanabadilisha. Simu zenu zitaruka saa moja mbele na kurudi nyuma mkivuka mipaka msiyoiona. Mkiwa na miadi na mwongozaji, muulizeni anatumia saa ya nani.

Petrified Forest iwe ya kurudia. Magogo ya pale yaligeuka mawe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, yana rangi nyekundu na zambarau na manjano ndani. Hata kipande kidogo ni kosa la sheria kuondoka nacho, kwa hiyo kagua mifuko ya pacha kabla ya lango la kutokea. Mkirudi nyumbani waambie kwamba Sibiloi nako kuna magogo ya mawe, na huko nako hayaokotwi.

SWALI: Babu, mimi nina miaka 9. Baba anasema tutaenda Ziwa Turkana na tutaogelea. Mama anasema kuna mamba. Nani anasema kweli? *Msomaji mdogo, South C.*

JIBU: Mjukuu wangu, mama. Ziwa lina mamba wengi, ni wale wale wa mto Nile, na Kisiwa cha Kati ni mahali pao pakubwa pa kutagia mayai. Wavuvi wa huko wanawajua, wanajua ni ghuba gani na saa gani, na hata hivyo mamba huwakamata watu. Ukiona watoto wa Loiyangalani wanaoga mahali, usiingie tu kwa kuwa wao wameingia. Wao wana kaka amesimama juu ya jiwe anatazama maji, na wewe hujamwona. Mwambie baba amtafute mwenyeji aulize. Mjini kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu inayotoka ardhini, na hiyo haina mamba. Vaa ndara, chini kuna mawe na miiba ya mgunga.